Mzee Hakusema Uongo



Katika majira ya baridi hapa Lakeville, kusini mwa Minneapolis, wazazi kadhaa wenye asili ya Afrika Mashariki huchangishana kukodi ukumbi kila Jumamosi ili watoto wacheze mpira wa kikapu badala ya kushinda ndani na simu zao. Sisi watu wazima hukaa pembeni na chupa za chai ya maziwa. Miongoni mwetu yumo mzee mmoja mzaliwa wa Barawa, ambaye Kiswahili chake kina ladha ya Kimwini. Sote, Wakenya, Watanzania na Wakongo, tunamwita Mzee, basi.

Jumamosi moja vijana walikuwa wakibishana ni nchi gani bora Afrika katika mchezo huu. Mmoja akasema Nigeria, mwingine Angola. Mzee akaingilia kati: "Wanangu, hamjui. Somalia tulikuwa wa tatu Afrika nzima. Nilikuwepo mwenyewe."

Vijana wakacheka. Mmoja akauliza, kwa adabu ya juujuu, kama yalikuwa mashindano ya ngamia. Mzee akatabasamu, akajimiminia chai, hakusema tena. Nami nakiri mbele yenu: sikucheka kwa sauti, lakini moyoni nilicheka. Mimi ni mhandisi, nimezoea kupima kitu kabla ya kukiamini, na Somalia niliyoizoea katika taarifa za habari haikuwa na nafasi ya medali. Usiku ule nikafungua kumbukumbu za mashindano. Mzee hakusema uongo.

Ubingwa wa Afrika kwa timu za taifa za wanaume ulianza Cairo mwaka 1962. Kwa miaka mingi kombe lilizunguka baina ya nchi za Kaskazini na Magharibi, kama Misri na Senegal, na mara moja moja likaenda kwingine, kama mwaka 1974 lilipochukuliwa na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1981 mashindano yakaletwa Mogadishu. Ivory Coast ilikuwa ya kwanza, Misri ya pili, na wenyeji, Somalia, wakashika nafasi ya tatu. Waivory Coast wakaenda kuiwakilisha Afrika katika ubingwa wa dunia nchini Colombia mwaka 1982.

Tukumbuke wakati wenyewe. Vita vya Ogaden vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu iliyotangulia. Nchi ilikuwa imepoteza vijana wengi, na wakimbizi walikuwa wamejaa kambini. Hata hivyo mji mkuu ulipokea timu za bara zima na vijana wa nyumbani wakapanda jukwaani. Miaka kumi baadaye, Januari 1991, serikali ya Siad Barre ikaanguka. Kilichofuata tunakijua, maana wengi wa majirani zetu hapa Minnesota walifika kwa sababu hiyo. Watu walipokimbia, walibeba watoto. Hakuna aliyebeba kabati la picha za michezo.

Baada ya Mogadishu ikaja zamu ya Nairobi. Mwaka 1993 nilikuwa kijana Mombasa, nikingojea barua ya kukubaliwa chuo kikuu huku Marekani. Nilikuwa nikiazima gazeti la jirani kila jioni, likiwa limeshapita mikono mitano, ili nisome habari za mashindano. Kenya ilikuwa na fahari ya kuwa mwenyeji: Michezo ya Afrika ya mwaka 1987 ilikuwa imetuachia uwanja wa Kasarani, na tulijiona tumefika. Timu yetu ikafika nusu fainali na kumaliza ya nne. Angola ikatwaa kombe, Misri ikawa ya pili na Senegal ya tatu. Mwaka huohuo, kule Dakar, akina dada wa Kenya walifanya makubwa zaidi: walikuwa wa pili Afrika, na mwaka 1994 wakaenda Australia kucheza ubingwa wa dunia. Walimaliza wa mwisho kati ya timu 16, lakini walifika. Ni wangapi kati yetu wanalikumbuka hilo?

Tulidhani huo ni mwanzo. Kwa upande wa wanaume, kumbe ulikuwa mwisho wa safari ndefu. Kenya haikuonekana tena katika fainali za Afrika kwa miaka 28.

Kwa nini? Jibu la haraka ni vita, au fedha. Lakini itazameni Angola. Nchi hiyo ilikuwa vitani tangu 1975 hadi 2002. Mwaka 1993, timu yake ilipobeba kombe Nairobi, mji wa Huambo ulikuwa umetoka kuzingirwa na kupigwa mizinga kwa karibu miezi miwili. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye Olimpiki ya Barcelona, Angola ilifungwa na Marekani ya Michael Jordan 116 kwa 48, na ulimwengu ukaicheka. Hata hivyo, kati ya 1989 na 2013 Angola ilitwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Kwa hiyo vita peke yake haitoshi kuwa jibu.

Tofauti naiona kwenye msingi. Angola ilianza na vijana: mwaka 1980 ilikuwa bingwa wa Afrika kwa timu za vijana, na watoto wale ndio waliokua wakawa timu ya wakubwa. Nyuma yao zilisimama klabu zenye mwenyewe, kama Primeiro de Agosto ya jeshi na Petro de Luanda ya kampuni ya mafuta, ambazo zililipa makocha mwaka hata mwaka, liwe lipo kombe au halipo. Mwenyeji wa mashindano huingia bila kuchujwa, hucheza mbele ya watu wake, halala ugenini. Hiyo ni nguzo ya muda, kama zile mbao tunazoshikizia zege likiwa bichi. Ukiziondoa kabla zege halijakauka, dari linashuka. Mogadishu na Nairobi zote zilipata mbao nzuri. Mogadishu ilibomolewa na vita. Sisi Nairobi tulikuwa na amani, lakini mbao zilipoondolewa zege letu lilikuwa bado bichi.

Februari 2021, theluji ikiwa imefunika madirisha yangu, nilikaa na binti yangu kutazama Kenya ikicheza na Angola mjini Yaoundé. Kocha wetu alikuwa Liz Mills, mwanamke kutoka Australia. Muda ulipokuwa unakwisha, Tylor Ongwae akarusha mpira, ukaingia. 74 kwa 73! Nilipiga kelele mpaka mke wangu akadhani nimepata habari za msiba. Kenya ikaenda Kigali kwenye fainali za Afrika, na huko safari yake ikakatizwa na Sudan Kusini, 60 kwa 58.

Hao Sudan Kusini nao wana somo kwa sisi tulio ughaibuni. Nchi yao ilipata uhuru mwaka 2011. Chini ya Luol Deng, aliyecheza miaka mingi katika NBA na kisha akawa rais wa shirikisho lao, waliwakusanya vijana wao waliotawanyika duniani. Mwaka 2023 wakacheza Kombe la Dunia, na mwaka 2024 wakawa Paris kwenye Olimpiki, ambako waliifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Katika kikosi hicho alikuwemo Nuni Omot, aliyezaliwa Kenya, mtoto wa mama mkimbizi, akalelewa Mahtomedi, upande wa pili wa miji yetu hii pacha, na akasoma chuo Saint Paul. Alikulia katika baridi hiihii inayowakuza watoto wetu.

Nimewaza pia jinsi wenyeji wetu wanavyotunza yao. Timu ya Lakers iliondoka Minneapolis kwenda Los Angeles mwaka 1960. Miaka imepita zaidi ya 60, lakini hadi leo sanamu ya George Mikan ipo katika ukumbi wa Target Center, na wazee wa hapa watakuhesabia mataji yale matano bila kukosea. Hakuna kijana anayewauliza kama yalikuwa mashindano ya ng'ombe. Timu iliondoka, kumbukumbu ikabaki, kwa sababu kuna aliyeiandika.

Jumamosi iliyofuata nilichapisha matokeo ya 1981 kwenye karatasi nikaibandika ukutani. Vijana wakaisoma kimya. Yule aliyetaja ngamia akamwendea Mzee, akainama kumpa mkono wa shikamoo kama alivyofundishwa na bibi yake, akasema, "Nisamehe, babu. Tuambie ilikuwaje." Mzee akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Akauliza, "Majina ya wachezaji hayamo?" Hayakuwemo. Akavua miwani, akaanza kuyataja moja moja, akihesabu kwa vidole, na alipofika la saba akakwama.

Binti yangu alikuwa amekwisha kutoa kalamu. Aliandika yale sita, akaacha nafasi chini yake. Hiyo nafasi, ndugu zangu, ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ikiwa nyumbani kwako kuna mzee anayesema alikuwepo Mogadishu, au Kasarani, au Dakar na akina dada wale, usimcheke kama nilivyocheka mimi. Chukua kalamu.