Istilahi za Uvutano na Mzingo Tangu Mwaka 1970

Msafiri ashukaye kutoka Ngong kwenda Ewuaso Kedong, katika Kajiado, huuona mbele yake mlima Suswa na, kaskazini zaidi, Longonot. Karibu na Longonot ndipo kilipofunguliwa, mwaka 1970, kituo cha mawasiliano ya setilaiti. Mwaka huo huo, tarehe 12 Desemba, Waitaliano walirusha kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, chombo cha Wamarekani cha kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala, nacho chombo kikaitwa Uhuru. Lugha yetu ilipanda angani kwa jina. Je, ilikuwa na maneno ya kueleza kwa nini chombo hicho hakikuanguka?

Kazi ya kuunda maneno hayo ilifanyika zaidi Tanzania, ambako Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na ambako TUKI ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wako wanaodhani kwamba istilahi hizo ni kivuli tu cha Kiingereza. Sikubaliani nao. Neno la Kiingereza la nguvu hii lina asili ya Kilatini yenye maana ya uzito, wala halituambii nani huvuta na nani huvutwa. Kiswahili kilitwaa kitenzi vuta, kikatia kiambishi cha kutendana, tukapata vutana, na humo uvutano. Kiambishi hicho kimoja chabeba hoja ya Newton ya mwaka 1687: dunia ilikivuta chombo Uhuru, nacho, kwa kilo zake zipatazo 140, kiliivuta dunia kwa nguvu ile ile.

Si kila istilahi iliyotokana na kitenzi imefaulu hivyo. Ujazo, kutoka jaa, wafaa kwa kibuyu cha maziwa au debe la mahindi. Lakini jiwe halijazwi kitu, na mwalimu hulazimika kulitumbukiza majini ili apime yatakayomwagika.

Katika mwendo wa setilaiti wengine husema obiti, wengine mzingo; mimi napendelea mzingo. Linalodhuru ni kitenzi elea. Kieleacho huchukuliwa na maji au hewa. Uhuru, kilometa zipatazo 540 juu, hakikuelea, kwani uvutano huko ni zaidi ya sehemu nane kwa kumi za ule wa ardhini. Kilikuwa kikianguka daima, ila kilikwenda kando kilometa saba na nusu kila sekunde, na ardhi, kwa uduara wake, ikawa yakikwepa. Kwa hiyo kiliizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi. Setilaiti zilizoelekewa na ungo wa Longonot, kilometa karibu 36,000 juu ya ikweta, huanguka vivyo hivyo. Ila mzunguko wao huchukua siku nzima, sawa na wa dunia, ndiyo maana mtu wa Ewuaso Kedong angezidhania zimesimama.

Uhuru kilikoma kufanya kazi Machi 1973. Hewa nyembamba ya huko juu iliendelea kukipunguzia nishati, mzingo ukashuka kidogo kidogo, na Aprili 1979 kikaingia katika angahewa.