Puto Ndani ya Seva

Juja iko kati ya Ruiru na Thika. Hapo, mwaka 1981, chuo cha Jomo Kenyatta kilipokea wanafunzi wake wa kwanza kwa msaada wa Japani. Mwaka huohuo IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, na dunia ikaamini kwamba sasa kila mtu atakuwa na mashine yake.

Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa ya kugawana. Huko Cambridge, Marekani, programu ya IBM iitwayo CP-40 ilianza kutumika Januari 1967, ikaifanya System/360 moja ionekane kuwa kompyuta kadhaa. Kila mtumiaji alipata mashine pepe yake, akajiona yuko peke yake. Tatizo limejificha papo hapo: anayejiona peke yake harudishi kumbukumbu asiyoitumia.

Ugawanaji uliporudi kwa nguvu katika enzi ya seva, mwenyeji (mashine halisi) aliyeishiwa kumbukumbu alilazimika kuwapokonya wageni (mashine pepe) kwa kubahatisha, kama mwenye ploti anayeingia chumbani na kutoa vitu nje bila kujua mpangaji anahitaji kipi. Desemba 2002, mjini Boston, ng'ambo tu ya mto kutoka Cambridge ile, Carl Waldspurger wa VMware alieleza njia nyingine. Kiendeshi kidogo ndani ya mashine pepe, kiitwacho puto, huomba kurasa za kumbukumbu kama programu yoyote, huzishikilia, kisha humwambia mwenyeji azichukue. Puto likifura, mgeni mwenyewe huchagua cha kuachia. Sijui wazo zuri zaidi katika historia yote ya seva: uamuzi umebaki kwa anayejua.

Mwaka 2003 Xen, programu ya mashine pepe kutoka Cambridge ya Uingereza, ilikuwa na puto lake. Linux ilipata KVM, mfumo wake wa kuendesha mashine pepe, mwaka 2007, na kiendeshi cha puto, virtio_balloon, mwaka uliofuata.

Sasa chukua seva ya GB 64 katika maabara ya Juja, yenye mashine pepe tatu za GB 24. Jumla ni 72, kwa hiyo zote zikijaa, puto linahitajika. Iamuru moja ishuke hadi 12 kwa amri ya virsh setmem, halafu tazama pande zote mbili: dommemstat kwa mwenyeji, free ndani ya mgeni. Hesabu isiposhuka, mara nyingi kiendeshi hakijapakiwa. Kwenye Windows huwekwa kando, pamoja na huduma ya kutoa takwimu. Ikishuka kwa mgeni lakini mwenyeji hapati kitu, kagua kama kumbukumbu imetengwa kwa kurasa kubwa za MB 2, ambazo puto la kurasa za KB 4 mara nyingi haliwezi kuzirudisha, au kama mgeni amekabidhiwa kifaa halisi moja kwa moja. Na swapu ya mgeni ikianza kupanda, puto limefura kupita kiasi. Hilo halionekani usiku wa manane. Jaribu saa tano asubuhi, wanafunzi wote wakiwa kwenye mashine.