Mbwa wa Manyoya Mazito Ataweza Kitale na Bungoma? Yajue Haya Kabla ya Kununua

Mwezi jana shemeji yangu wa Bungoma alinitumia picha ya mbwa kwenye simu: masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, manyoya kama blanketi. Alitaka kumnunua amsaidie kuchunga ng'ombe. "Shemeji, wewe umefuga mbwa Kitale miaka mingi. Huyu ataishi huku kwetu?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini kwa kuwa hata ndugu zangu wa Pwani wameanza kuniuliza swali hilo, leo nalijibu kwa kirefu. Hata kama hufugi mbwa, usikose kusoma sehemu ya mwisho.

Ni mbwa wa aina gani?

Hawa ni mbwa wachungaji wa kaskazini mwa Ulaya. Wasami, wafugaji wa Norwe, Uswidi na Ufini, waliwatumia mbwa wa ukoo wa Lapphund kuchunga reinidia, mnyama wa jamii ya kulungu. Norwe wana Buhund, mbwa wa shambani. Uswidi wana Vallhund, mfupi wa miguu, anayewasukuma ng'ombe kwa kuwauma kidogo kwenye visigino. Aislandi nao wana mbwa wao wa kondoo, ambaye mababu zake walifika na walowezi kutoka Norwe zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Usimchanganye na husky. Huyo asili yake ni Siberia na kazi yake ni kuvuta sleji kwenye theluji.

Si wakubwa kama wengi wanavyodhani. Lapphund dume wa Ufini hufika kama sentimita 49 begani. Ni wepesi wa kufundishwa na wanapenda watu, watoto wakiwemo. Hubweka sana, maana sauti ni chombo chao cha kazi. Kwa hiyo anayetaka mbwa mkali wa lango atavunjika moyo, na anayetaka kumfunga mnyororo mchana kutwa atamharibu. Mbwa mchungaji asiyepewa kazi hujitafutia: atafukuza kuku, pikipiki, hata watoto wanaokimbia.

Manyoya yao yana tabaka mbili: la nje refu linalozuia maji, na la ndani laini linalohifadhi joto. Msimu wa kupukutika ukifika utachana manyoya kila siku. Usimnyoe ukidhani unampunguzia joto, kwa sababu koti hilo pia humkinga na jua.

Kitale si Bungoma

Kitale iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Asubuhi huwa na baridi, na mbwa wa manyoya mazito anaweza kuishi vizuri akipata kivuli na maji. Ukiteremka kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, unapoteza kama mita 500 za mwinuko na joto linapanda. Mombasa na Kilifi, penye joto na unyevu pamoja, ni mateso kwake.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema. Kwa hiyo kazi na matembezi yawe alfajiri na jioni. Ukimwona anahema bila kukoma, mate yanamtiririka na anayumbayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, kisha mwite daktari wa mifugo mara moja.

Kupe walinifunza

Mbwa wangu wa kwanza alikuwa chotara wa German Shepherd mwenye manyoya mengi. Nilikuwa namtazama kwa macho tu, sikumpapasa hadi kwenye ngozi. Alipokataa ugali wa maziwa nilidhani amechoka. Siku ya tatu fizi zake zilikuwa nyeupe na mkojo rangi ya kahawa. Nilimwita daktari jioni, na mbwa hakuuona mwanga wa asubuhi. Ilikuwa homa ya kupe, na kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo, kila jioni napitisha vidole ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Nyumba ya mbwa pia husafishwa, kwani kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za kuta. Mbwa mgeni hupata shida zaidi, kwa kuwa magonjwa haya kwake ni mapya.

Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Na tahadhari na sindano ya ivermectini wanayochomwa ng'ombe: baadhi ya mbwa wachungaji, hasa jamii ya Collie, wana kasoro ya kurithi inayoifanya dawa hiyo iingie kwenye ubongo, na inaweza kuwaua. Muulize daktari kwanza.

Chakula na tegu

Ugali mtupu haumtoshi mbwa wa kazi. Changanya na omena, maziwa, mayai au nyama iliyopikwa. Usimpe vitunguu, chokoleti wala mifupa iliyopikwa, kwani hiyo hupasuka na kumchoma matumbo.

Mnapochinja, usimtupie maini au mapafu mabichi yenye mavimbe ya maji. Ndani yake kuna tegu atakayekua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake yatafika kwa watoto kupitia kinyesi na mikono michafu, na kuwaotesha mavimbe hayo hayo. Jirani zetu wa Turkana, kaskazini mwa Kitale, waliteswa sana na ugonjwa huu, hadi AMREF ikaanzisha mpango wa kuudhibiti miaka ya 1980. Zika au choma nyama hiyo, na mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari.

Chanjo si ya mbwa wa bei tu

Hapa ndipo kila msomaji anahusika. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Maambukizi mengi kwa watu hutokana na kuumwa na mbwa, na watoto ndio huumwa zaidi. Mpango wa taifa wa Kenya wa mwaka 2014 unalenga kukimaliza ifikapo 2030, na njia kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mchanje akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta, pilipili wala majivu, na usisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Nilichomwambia shemeji

Nilimwambia aache pesa zake mfukoni. Boma lake lina mbwa wawili wa kienyeji wenye manyoya mafupi, wanaofuatana na vijana malishoni na kulijua joto la Bungoma. Lakini hata hao kupe huwaua, ila huwa hatuhesabu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amechanjwa. Bei ya mbwa mmoja wa kwenye picha ingewachanja hao wawili miaka yote ya maisha yao, na chenji ibaki.

Jumamosi iliyofuata alinitumia picha nyingine: wanawe wawili wameshika kamba, mbwa wao kwenye foleni ya chanjo. Hiyo ndiyo picha niliyoifurahia.