Maji Yatokayo Chini: Historia Fupi ya Bwaise

Bwaise inapofurika, watu hulaumu mvua na mifereji iliyoziba takataka. Lawama hiyo ina ukweli, ila haitoshi. Wakazi wa mabondeni wanajua kwamba sakafu huweza kulowa hata siku ambazo mbingu ni nyeupe, kwa kuwa maji hupanda kutoka ardhini. Watafiti waliopima visima vya uchunguzi katika Bwaise III mwanzoni mwa karne hii waliyakuta maji kwenye kina kisichofika mita 1.5. Mtu mzima akisimama ndani ya shimo la kina hicho, kichwa chake kingali nje.

Sababu yake ni umbo la Kampala yenyewe. Mvua inyeshayo vilimani hunywewa na udongo, ikateremka polepole chini kwa chini, kisha ikajitokeza mabondeni kama chemchemi na vinamasi. Wazee wa Buganda waliisoma ardhi hiyo vizuri. Kabaka Mutesa I alijenga kasri lake juu ya kilima cha Kasubi mwaka 1882. Bonde la Lubigi, lililo jirani, likaachiwa mafunjo. Mafunjo yalitoa mikeka na maezeko, na bonde likatunza maji.

Ukoloni uliviona vinamasi kwa jicho jingine: makazi ya mbu na ardhi isiyo na faida. Mfereji wa Nakivubo ukachimbwa ili kuyasukuma maji ziwani. (Maji ya Bwaise, kwa taarifa ya wanafunzi wangu, hulipa ziwa kisogo, hupitia Lubigi hadi mto Mayanja, kuelekea kaskazini.) Baada ya uhuru watu wengi walikuja mjini kutafuta riziki. Vilima vilikuwa na wenyewe, na kodi zake hazikushikika. Bondeni palikuwa na nafasi. Vikamwagwa vifusi na taka juu ya kinamasi, nyumba zikasimama. Kifusi kiliyafunika maji, hakikuyaondoa.

Madhara yake makubwa yako chooni. Shimo likichimbwa pale hukutana na maji mapema, ndiyo maana vyoo vingi vya Bwaise vimeinuliwa juu ya ardhi na hupandwa kwa ngazi. Maji yakipanda, kinyesi huingia katika maji yale yale yanayolisha chemchemi ambazo maskini huchota bila malipo. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, kipindupindu kiliikumba Kampala, na mitaa ya mabondeni ikaumia zaidi.

Serikali imejibu zaidi kwa mifereji. Ule wa Lubigi ulipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na umesaidia kupitisha maji ya juu ya ardhi. Maji ya chini yanahitaji mengine: msingi ulioinuliwa, sakafu isiyopenyeza unyevu, choo chenye tangi lililojengwa na kuzibwa, linalonyonywa na gari na kupelekwa kwenye mtambo wa majitaka wa Lubigi uliofunguliwa mwaka 2014. Haya yote ni gharama, na hapa ndipo ugomvi ulipo. Mwenye nyumba hupokea kodi. Mpangaji ndiye huinua kitanda juu ya matofali.

Katiba ya 1995, ibara ya 237, inaikabidhi serikali vinamasi ivitunze kwa niaba ya wananchi. Ilipoandikwa, sehemu kubwa ya Bwaise ilikwisha kujengwa. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu katika Lubigi. Kukilinda kinamasi kilichobaki ni haki. Lakini anayehamishwa bila kuonyeshwa pa kwenda atatafuta bonde jingine lenye kodi nafuu, na huko nako atayakuta maji.

Kwa wale wanaobaki, baraza la mtaa lina uwezo wa kuanza na jambo dogo: kabla ya kibali cha choo kipya, lichimbwe shimo la majaribio msimu wa mvua, ipimwe kamba hadi yalipo maji, na kipimo hicho kiandikwe katika daftari la mwenyekiti, mahali ambapo mpangaji naye anaweza kukisoma.