Adabu za mlo katika mkahawa wa Kiajemi
Chelo kababu ni miongoni mwa vyakula mashuhuri zaidi katika mikahawa ya Iran. Ni wali mweupe uliopambwa kwa zafarani, ukiandamana na nyama ya kondoo au ng'ombe iliyochomwa kwenye vyuma vipana, pamoja na nyanya za kuchoma na kitunguu kibichi. Mlaji huchanganya siagi na wali ukingali moto, kisha huinyunyizia nyama sumaki, unga mwekundu wenye uchachu kama wa ndimu. Hutumia kijiko na uma. Kisu si lazima. Kinywaji chake ni dughi, yaani maziwa ya mgando yaliyozimuliwa kwa maji na kutiwa chumvi na nanaa.

Ukoko wa wali, ambao hata watoto wa Pwani huugombea, Waajemi huuenzi mno. Huuita tahdigi, maana yake 'chini ya chungu'.

Mtihani huja wakati wa kulipa. Mwenye mkahawa aweza kusema, "Haina thamani." Huo ni uungwana uitwao taarofu, wala si zawadi. Mgeni anayeshukuru na kuondoka huvunja adabu. Yampasa asisitize hadi atajiwe bei.