Kiatu cha Mti Kilichosafiri Nyotani

Kabla binadamu hajazunguka dunia angani mwaka wa 1961, watoto wa Marekani walikuwa wamekwisha kufika nyotani kwa utungo. Mwaka wa 1889 Eugene Field, mwandishi wa gazeti mjini Chicago, alitoa utungo wa vina wa kuwalaza watoto, uliotaja Waholanzi katika jina lake la kwanza, na ambao baadaye ulipigwa chapa katika vitabu vya picha. Wavuvi watatu, Wynken, Blynken na Nod, waabiri usiku katika kiatu cha mti. Mwezi wawauliza waendako. Na samaki wanaowatafuta ni nyota.

Mwishoni fumbo lafumbuliwa: wawili wa kwanza ni macho ya mtoto, Nod ni kichwa chake, na kiatu ni kitanda. Majina hayo yatokana na vitenzi vya Kiingereza vyenye maana ya kukonyeza, kupesa na kusinzia.

Hapo ndipo penye taabu ya mfasiri. Kiswahili kina neno mtalawanda, nao ni kiatu cha mti hasa. Lakini mtalawanda ni ubao wenye msuruaki wa kubanwa kwa vidole, hauna tumbo la kupakia abiria. Kiatu cha Waholanzi kimechongwa ndani kama mtumbwi, ndiyo maana chaweza kuwa chombo, kisha kitanda. Mfasiri atakayeshika mtalawanda atahifadhi kiatu na kuipoteza safari. Afadhali aache kiatu, ashike mtumbwi. Kwani mtoto hulazwa ndani ya chombo, wala hasimamishwi juu ya ubao.