Taa ya steji ni ya nani? Usafiri, bajeti na usalama katika kaunti za Meru na Embu

Wazazi wengi wa huku Pwani wana vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Meru kule Nchiru, au Chuo Kikuu cha Embu. Wengine wana biashara zao huko. Basi la usiku humshusha abiria kungali giza, begi mkononi, na hapo ndipo swali linapoanza: mbona steji hii haina taa? Na alaumiwe nani, polisi au kaunti?

Wengi hukimbilia kuwalaumu polisi. Katiba ya 2010 inasema vingine. Jedwali la Nne, linalogawa kazi baina ya serikali kuu na kaunti, limeweka polisi upande wa serikali kuu. Lakini taa za barabarani limezipa kaunti, na limeziorodhesha chini ya usafiri, pamoja na barabara za kaunti, maegesho, uchukuzi wa umma na vivuko. (Ya vivuko tuyaache, feri ya Likoni hadi leo iko mikononi mwa serikali kuu.) Gavana wa Meru au wa Embu hana polisi hata mmoja wa kumtuma akamkamate mwizi. Askari wake wa kaunti kazi yao ni maegesho, masoko na usafi. Ila ana uwezo wa kuweka taa, kupanga steji na kufungua uchochoro anamojificha mwizi. Kwa hivyo anayetaka kujua kaunti inafanya nini kuzuia uhalifu asihangaike kutafuta neno "usalama" ndani ya bajeti. Afungue fungu la barabara na uchukuzi.

Hata barabara zenyewe si zote za kaunti. Ile kuu inayotoka Embu kupitia Chuka hadi Meru ni ya taifa, chini ya mamlaka ya KeNHA. Humo ndimo lilimo daraja la Nithi, katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, ambako Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia mtoni na kuua zaidi ya watu 30. Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao. Kulinyoosha daraja lile si kazi ya gavana yeyote. Vivyo hivyo leseni ya matatu hutolewa na NTSA, na matatu lazima iwe ndani ya sako au kampuni. Kaunti huamua gari lisimame wapi na lilipe ngapi, na ada hizo huwekwa na sheria ya fedha ya kaunti inayopitishwa kila mwaka.

Sasa tuje kwenye pesa. Kalenda imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na ni ileile Meru, Embu, Kilifi au Lamu. Kwanza kuna mpango wa miaka mitano, unaojulikana kwa herufi CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kila mwaka, kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti. Kufikia Februari 28 huja waraka wa mwelekeo wa fedha, na huo ndio unaoweka kikomo cha kila idara. Aprili 30 ni makadirio yenyewe. Juni 30 yawe yameshapitishwa, kwa sababu mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Watu hujitokeza kwa wingi Mei, wakati kamati ya bajeti inapozunguka kusikiliza maoni. Wakati huo vikomo vimeshapangwa tangu Februari. Ukisubiri Mei, mkate umeshakatwa na unagombea makombo. Taa ambayo haimo katika mpango wa Septemba ni vigumu sana kuiingiza baadaye, hata mwakilishi wa wadi awe hodari wa kusema namna gani.

Kuna jambo jingine ambalo huwapita wengi. Ile milingoti mirefu tunayoiita mulika mwizi hujengwa kwa pesa za maendeleo, lakini bili ya umeme na balbu za kubadilisha hulipwa kwa pesa za matumizi ya kawaida, fungu moja na mishahara na petroli. Kanuni zinataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na mlingoti ni mzuri kukatiwa utepe. Bili haikatiwi utepe. Ndiyo maana utaona mlingoti mpya umesimama gizani na wenye maduka wamejinunulia taa zao.

Miji ya Meru na Embu ni manispaa, chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, kila moja na bodi na meneja wake. Zote mbili zilinufaika na mpango wa kusaidia miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao pesa zake ni za kazi kama barabara za mjini, mitaro na taa. Sheria hiyohiyo inampa mkaazi haki ya kuhudhuria jukwaa la wananchi na kuuliza bodi imefanya nini.

Upande wa uhalifu wenyewe, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iliunda mamlaka ya polisi ya kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua. Wakuu wa usalama wa kaunti hukaa humo pamoja na wawakilishi wa wafanyabiashara, dini, wanawake na vijana. Hapo ndipo pahali pa kusema steji fulani ina vibaka. Kaunti nyingi zilichelewa kuiunda. Ngazi ya chini kuna Nyumba Kumi, mpango ulioletwa Kenya baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, kwa kuiga mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania. Na Meru, kabla ya yote hayo, kuna wazee wa Njuri Ncheke, ambao neno lao hadi leo lina uzito vijijini. Lakini steji ni pahali pa wapita njia. Mzee wa Nyumba Kumi hawezi kumjua anayeshuka kwenye basi saa kumi alfajiri, wala anayemvizia.

Siasa nayo haijazisaidia kaunti hizi. Embu ndiko alikotoka gavana wa kwanza nchini kuondolewa na Seneti, Martin Wambora, mwaka 2014, kabla ya mahakama kumrudisha. Meru, Kawira Mwangaza aling'olewa na Seneti Agosti 2024, na Machi 2025, baada ya Mahakama Kuu kuukubali uamuzi huo, naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa. Sioni jinsi mpango wa miaka mitano unavyoweza kwenda sawa katikati ya vuta nikuvute kama hizo.

Aliye Meru au Embu na anataka taa kwenye steji yake katika bajeti ijayo, barua aipeleke kwa mwakilishi wa wadi, nakala kwa meneja wa manispaa, kabla Agosti haijaisha. Aitaje steji kwa jina, aseme ni barabara gani, maana kama ni ya KeNHA atarudishwa. Na kwenye barua hiyohiyo aulize bili ya umeme italipwa kutoka fungu gani.